Namna ya kupaka bife ya zamani rangi, na isikutokee damu

Bife ya kwetu, ile kabati ya vyombo ya salo, ilinipatisha aibu siku ya yenga asubuyi, wageni wakiwa tayari mu salo. Siku ya posho nilikuwa nimeipaka rangi nyeupe ya maji, kushi mbili za haraka, ni kusema kupaka mara mbili, nikalala na furaha sawa mutoto wa viatu mupya, na kulamuka nasikia mama anaita: "Papa, kuya uone, bife yako iko inatoka damu." Nikafikiri anacheza. Nikaenda kuangalia, kweli kabisa, ku mulango ya kushoto ilishatoka madoa ya rozi, ku mbavu madoa rangi ya chai, na pale pa fundo za mbao ilikuwa nyekundu tu, sawa vile mutu amejikata kidole akapangusa.

Nikapaka kushi ya tatu, madoa ikarudi. Ya ine, ikarudi tena, safari hii polepole kidogo, lakini ikarudi. Kopo ikaisha. Njo nikaenda ku papa moja seremala wa Katuba, mutu wa miaka mingi mu kazi ya mbao, akacheka kwanza vile wazee wanachekaka, kisha akaniambia: "Mwanangu, ile ni mulombwa. Mulombwa haufichwe na rangi, unafungiwa mulango kwanza." Tangu ile siku nimeshapaka meza, viti sita, kitanda cha yaya yangu na komodi moja, na ile neno ya kufunga mulango njo inaniongoza. Kwa hiyo nawaandikia yote hapa, na makosa yangu ndani, juu najua mu Lubumbashi hii karibu kila lupango iko na ka-bife kamoja ka zamani kanalala mu koridore na kuwekewa bidon juu.

Tuanze na mbao yenyewe. Vitu vingi vya zamani vya huku, vile vya wakati wa Union Minière, ile kompani ya migodi ya wakoloni, na vile vya miaka ya mbele ya Gécamines yenye iliifuata, walivitengeneza na mbao ya kweli, na mbao ya kweli ya Katanga mara mingi ni mulombwa. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita mninga, ni muti ule ule. Ukiukata ungali mubichi unatoka maji nyekundu sawa damu, na ile nyekundu haikufaka, inabaki ndani ya mbao hata miaka 50. Muko tena na ndugu yake, mukula, ile ambayo tuliona malori na malori inapita njia ya Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia, miaka ya 2010 na kitu. Wazee walikuwa wanasaga mukula wanapata nkula, ile unga nyekundu ya kupaka mwili. Sasa jiulize: kama ile muti ilikuwa kazi yake ni kutoa rangi, weye unafikiri itanyamaza juu umeipaka nyeupe?

Maana ya mambo iko hivi. Rangi nyekundu ya mbao inayeyuka mu maji na mu alkoli. Rangi ya maji ukiipaka inalowanisha mbao, ile nyekundu inaamka, na wakati maji inapanda kutoka ili rangi ikauke, inapanda na nyekundu yake mpaka juu. Ndio maana kushi ya tatu na ya ine haisaidie kitu, kila kushi ni maji mupya, unaongeza tu barabara. Inataka uweke katikati kitu ambacho haiko maji.

Kabla ya kununua hata pinso, fanya esai hii. Geuza kitu, tafuta fasi ya chini ama ya nyuma yenye haina verni, kwangua kidogo. Chukua kitambaa cheupe, lowanisha na alkoli ya farmasi, bandika pale dakika kumi. Kikitoka na rangi ya rozi ama ya chai, unayo mbao ya kutoka damu. Kikitoka kisafi, una bahati, pengine ni sapin ya kaisha za zamani, na kazi yako itakuwa nusu.

Na kabla ya yote, jiulize kama inafaa kweli kupakwa. Hii nasema na roho yangu yote juu kila mara mutu ananiletea picha ya meza ya mulombwa safi, haina hata mukwaruzo, anataka kuipaka gri juu ameona gri ku telefone. Mbao ile inalia! Kama verni tu njo imezeeka, toa verni, piga papye vere, ile wengine wanaita msasa, pakaza verni mupya, basi. Rangi ni ya kitu chenye kimeshapata vilaka: mbavu moja mulombwa, ingine tripleksi, mulango iliwekwa visi za chuma na fundi wa haraka, juu iko alama ya pasi na alama ya sufuria ya bukari. Bife ya mama ilikuwa hivyo. Baba alipoacha kazi muaka 2003 tulihama nayo mara tatu, na kila kuhama ilipoteza kitu kimoja, mguu, kioo, pwanye ya kushikia mulango. Hiyo rangi inaifaa.

Sasa kazi. Toa tirwari (droo) zote na milango, na andika namba nyuma na kalamu ya mbao, juu bife za zamani zilitengenezwa na mukono, tirwari ya kwanza haiingie fasi ya tatu, nimeshalazimisha nikapasua. Toa pwanye na sharnyeri, weka visi zote mu kopo moja la tomati. Kama pwanye ni ya kwibre ama ya leto, na huku kwetu inchi ya kwibre inakuwaka mara mingi, usiipake rangi tafazali. Lalisha mu vinegre na kijiko cha chumvi saa moja, sugua na brosi ya meno, osha na maji, kausha vizuri. Inatoka inawaka. Ile peke yake inabadilisha bife kuliko kopo nzima ya rangi.

Kitu kikitikisika, kifunge sasa, haiko baadaye. Ku viti njo shida kubwa: miguu inacheza. Fungua pale panacheza, kwangua kole ya zamani mpaka uone mbao, juu kole mupya haishike juu ya kole ya zamani, weka kole ya mbao, rudisha, kisha zungusha na mpira ya kinga. Ile shambere ya kinga yenye ilishapasuka, ikate kamba ndefu, vuta nguvu, zungusha, funga. Inabana vizuri kuliko chuma ya seremala na haikwaruze. Acha mpaka kesho yake. Matundu na mipasuko, changanya unga wa mbao, ile inabaki ukikata ama ukipiga papye vere, na kole ya mbao, mpaka iwe sawa bukari ya ngumu, jaza kuzidi kidogo juu ikikauka inarudi chini.

Ukiona tundu ndogo-ndogo na unga laini wa kumwangika chini yake, wadudu wako ndani. Watu wengi wanamimina petroli ya taa. Miye pia nilifanya. Petroli inapita, mafuta yake inabaki, na pale rangi ikakataa kushika, ikawa na macho-macho. Tafuta dawa ya wadudu wa mbao ku kenkayeri, ingiza na siringi tundu moja kwa moja, funga kitu na sashe ya plastiki siku chache, kisha acha ipate hewa. Na kama ni mchwa walishakula muguu ndani, unapiga na kidole inalia sawa kopo tupu, mambo ya rangi iache, tafuta muguu mwingine.

Sasa kuosha. Hapa njo watu wanaruka, na hapa njo rangi inatokea ngozi-ngozi kisha miezi mbili. Bife iliishi mu salo yenye mbabula inaingizwa wakati wa baridi, mafuta ya kukaanga samaki yanaruka mpaka huko, na mikono ya watoto kila siku pale pa pwanye. Tena mama zetu walikuwa wanapangusaka na sire, ile nta ya mbao, kila siku ya posho, miaka 20. Rangi haishike juu ya sire. Mwangia tone ya maji: ikisimama yenyewe sawa shanga, sire iko. Pangusa na waiti spirit, badilisha kitambaa kila wakati, juu kitambaa kichafu kinatembeza tu sire toka huku kwenda kule. Kisha maji ya moto kidogo na sabuni, kisha maji safi, kisha jua. Lakini haiko jua kali ya mangaribi moja kwa moja, mbao inapinda.

Papye vere sasa. Namba 80 ni ya pale rangi ya zamani inatoka magamba tu, usiitembeze fasi yote, inaacha mikwaruzo yenye utaiona chini ya rangi maisha yote. Namba 120 kwa kazi yenyewe, 180 ya kumaliza. Fuata mushipa wa mbao, usizungushe. Haiko lazima kutoa verni yote mpaka mbao, watu wanajichokesha bure, unatafuta tu kitu kisiwake tena, kiwe sawa kioo chenye mutu amepulizia pumzi. Wale wenye mashini, sawa, lakini na vile kuran inakatika, miye nafungaka papye vere ku kipande cha mbao cha mukono na nasikiliza radio.

Hapa nisimamishe kidogo, na hii haiko mchezo. Kama kitu kilishapakwa rangi zamani za kale, wakati wa wakoloni ama miaka ya kwanza ya uhuru, ile rangi inaweza kuwa na plombi, ile madini ya risasi. Rangi nyingi za zile siku, zaidi nyeupe na za mafuta, walikuwa wanaweka plombi ndani, na unga wake mutoto akiuvuta ama akiulamba unaharibu bongo yake polepole bila mutu kujua. Basi rangi ya hivyo usiipige kavu. Lowanisha, tumia papye ya maji, vaa kashe-nez nzuri, watoto na kuku mbali, unga wote wa kulowana uokote na kitambaa uweke mu sashe, hapana kufagia kwenda ku shamba ya mboga. Na usiichome na moto. Kama rangi imeshika nguvu na haina magamba, afadhali uiache pale pale, uisugue kidogo na maji, ufunike.

Nirudie ku mulango wa kufunga. Muko na njia mbili. Ya kwanza ni sukushi ya mafuta, ile rangi nyeupe ya chini isiyowaka, ya mbao. Uliza kama inafungaka madoa, muuzaji mwenye kujua kazi atakuelewa. Inakauka siku moja nzima, wakati wa baridi hata siku mbili. Kushi moja haitoshe ku mulombwa, ni mbili, na pale pa fundo tatu. Ya pili, yenye papa wa Katuba alinionyesha, ni gomu-laki, ile magamba ya rangi ya asali yenye wafundi wa zamani walikuwa wanafanyia verni ya tampo. Gramu 200 mu lita moja ya alkoli, acha ilale usiku, chuja na soksi ya nilo. Kama unaweza kupata ile yenye haina nta, njo muzuri, juu rangi ya maji inashika vizuri zaidi juu yake. Ipake nyembamba, haraka, usirudirudi fasi moja juu alkoli inaamsha ile ya chini. Kisha saa moja imeshakauka, unapiga kidogo na papye 220, unaweka ya pili. Mutauliza: si ulisema nyekundu inayeyuka mu alkoli pia? Ndiyo, na kushi ya kwanza inaweza kutoka na rangi kidogo, lakini alkoli inakimbia haraka, haina wakati wa kuvuta mingi, na kushi ya pili inalala juu ya ile imeshafungwa. Kisha ya pili angalia asubuyi. Ukiona rozi, weka ya tatu. Hapana kuanza rangi mpaka kitu kimelala usiku moja bila doa.

Ile usiku moja ya kungoja njo ingenifanyia faida ya kopo nzima, ningeijua.

Rangi gani? Kuko ya mafuta na kuko ya maji. Ya mafuta inakuwa ngumu, inavumilia kupanguswa, lakini inanuka siku mingi, inakauka polepole, na nyeupe yake inageuka njano, zaidi fasi jua haifike. Ya maji hainuke sana, kushi ya pili unaweka kisha saa ine hivi, pinso unaosha na maji tu. Kwa bife ya salo miye nachukua ya maji ya mbao, haiko ile ya ukuta! Ile ya ukuta watu wanaitumia juu ilibakia, na sahani zinabandika juu yake, na kila kidole kinaonekana. Juu ya sukushi ya mafuta yenye imekauka vizuri na kupigwa 220, ya maji inashika bila shida.

Kipimo: bife ya kwetu iko na urefu wa mita 1,50, kimo sentimita 90, kwenda ndani sentimita 45. Mbele ni mita kare 1,35, mbavu mbili pamoja 0,81, juu 0,68, haifike mita kare 3. Lita moja inapakaka mita kare 10 mpaka 12 kushi moja. Kwa hiyo kushi mbili ni kama mita kare 6, lita moja inatosha na inabaki ya kupaka ka-tabure. Muuzaji atakuambia ununue kopo la lita 4. Mwambie aksanti.

Juu ya kulere, kila mutu na macho yake, lakini acheni niseme neno moja juu ya mavumbi. Udongo wa kwetu ni nyekundu, mu Agosti upepo ukianza inaingia hata mu sukari, na kila asubuyi mutu anapangusa sima ya chini na maji ya kufagilia. Miguu ya bife nyeupe kisha mwezi moja inakuwa na soksi za rangi ya matofali. Miye miguu pamoja na chini kabisa nilipaka kahawia ya giza, kimo cha mukono, na juu nikafanya kijani ya malashiti, ile ya mawe wanauzaka ku barabara kwa wageni. Na pwanye za kwibre juu yake. Mama alinyamaza, kisha akasema inafanana na duka ya farmasi. Sasa anawaonyesha majirani.

Wakati wa kupaka ni neno kubwa, na vitabu vya Ulaya haviwezi kukusaidia juu baridi yetu haiko yao. Kiangazi, toka Mei mpaka Septemba, njo wakati muzuri juu hewa ni kavu, lakini Juni na Julai asubuyi baridi inauma, mbao ni baridi, rangi inakuwa nzito sawa asali na rangi ya maji haipende chini ya digri 10. Ngoja jua ipande, toa kitu nje masaa mbili tatu mbele kipate joto, simamisha kopo mu beseni ya maji ya moto kidogo, hapana juu ya mbabula, tafazali, hapana karibu na mbabula! Maliza mapema ili ikauke kabla baridi ya mangaribi kurudi. Mu Agosti kuko upepo: mwangia lupango maji, funga mulango wa kuku, ama paka ndani mu garaji na mulango nusu wazi. Mvua ikianza, Oktoba ama Novemba, kuko kitu ingine yenye sikuifikiria: inswa, wale mchwa wa mabawa. Mvua ya kwanza ilipiga, mangaribi nilikuwa namaliza mulango chini ya lampi, zikatoka ku udongo maelfu, watoto wanakimbia na masafuria ya kuzikusanya, na rangi yangu ikakusanya zake. Mabawa ya inswa mu rangi ya mafuta haitoke. Ngoja ikauke, piga papye, anza tena.

Kupaka yenyewe ni kazi ndogo. Simamisha miguu juu ya vizibo vya chupa ili isibandike chini. Changanya kopo kutoka chini, polepole, ukipiga-piga unaingiza hewa inakuja kutoa vipovu. Mimina kidogo mu kopo ingine, usifanyie kazi mu kopo yenyewe kubwa. Pinso iingie mu rangi kama moja ya tatu ya manyoya yake, haiko mpaka ku chuma. Anza na fasi ngumu, pembe, michoro, ndani ya fremu ya mulango, kisha fasi pana na rulo ndogo ya muse, na mbele haijakauka pitisha pinso kavu-kavu mara moja kufuata mushipa wa mbao, toka kichwa mpaka mwisho bila kuinua mukono. Kisha acha. Ile hamu ya kurudi kurekebisha ka-fasi kamoja njo inaharibuka kazi, rangi imeshaanza kushika, weye unaivuta, inakuwa sawa ngozi ya tembo. Kama kuna tone inashuka, ngoja kesho, kata na wembe, piga 220.

Kushi mbili nyembamba, katikati papye 220 mukono mwepesi tu, pangusa unga na kitambaa cha kulowana na kukamuliwa. Ya tatu kama kulere ni njano ama nyekundu, zile hazifunike haraka. Ndani ya tirwari na fasi inasuguana usipake, tirwari ya rangi haifungike tena, sugua bujie ya stearini ku mbao zake, inatelemuka sawa samaki.

Verni ya juu, kama unaweka, weka ku juu ya meza na ya bife tu, fasi ya vikombe. Ya maji juu ya rangi ya maji. Verni ya mafuta juu ya nyeupe inakupa nyeupe ya meno ya muvuta tumbaku. Na wale wanapenda mafuta ya lin juu ya mbao safi, vitambaa vyenye vimelowana na ile mafuta usivikunje usivitupe mu pubele. Vinapata moto vyenyewe, bila kiberiti, kweli kabisa, mafuta ikikauka inatoa joto na mukunjo unaishika. Vitandike nje kimoja-kimoja mpaka viwe vigumu, ama vizamishe mu maji.

Kurudisha pwanye, tengeneza tundu kwanza na musumari mudogo, rangi imeziba. Kisha njo kungoja, na kungoja huku hakuna mutu anakuambiaka ku duka. Rangi yenye umegusa na kidole na haibandike haijaisha kukauka, ndani bado ni laini. Inataka wiki tatu ine mpaka ishike kweli. Mu zile siku unaweza kurudisha bife mu salo, kufungua na kufunga polepole, lakini usiweke sufuria, usiweke televizyo, na usiweke nape ya plastiki juu.

Nilimwambia mama ile yote. Wiki moja hakuweza. Alirudisha vitambaa vyake vya kroshe, vile vitatu vya nyota, na juu ya kila kimoja vaze yake ya maua, na miye sikuona mpaka siku tunafagia. Ukisimama pembeni jua ikiingia ku dirisha ya salo utaziona, nyota tatu mu kijani, kila tundu ya kroshe na kila fundo, na anakataa nisizipige papye vere.